Wimbo Niliouacha Bila Maneno

Nyokabi mwanangu,

Uko hapa chini tu, kwa Bi Zuhura, unapakwa hina, na mimi nakuandikia kama mtu aliye nchi nyingine. Utanicheka. Lakini unajua koo langu linavyokuwa jua likianza kushuka. Asubuhi nina sauti ya kuulizia chai. Mchana, baada ya kuitwa huku na huku kule chumba cha sare cha hoteli, inabaki ya kusema ndiyo na hapana. Saa hii nina pumzi tu. Ninayotaka kukuambia ni marefu, na kesho asubuhi itakuwa ya teksi na pasipoti, na wewe unaulizia chaja yako iko wapi.

Sitakuandikia habari za sweta. Sanduku umeshalifunga, nilikuona umelikalia. Nyanya yako, Cucu, atakuambia mambo ya baridi ya Kinangop vizuri kuliko nitakavyoweza, na chuo cha uuguzi kitakuambia mambo ya viatu na kofia. Nataka kuandika juu ya albamu. Najua tumelikwepa neno hilo humu chumbani tangu siku ile ya Al Jaddaf, tunalipita kando kama ndoo ya maji iliyoachwa mlangoni. Leo nataka niliguse, kisha uende.

Kule kazini, hata wale dada wa Uganda wanaopiga pasi huniuliza, "Mama Nyokabi, huu wako ni muziki gani hasa?" Maana nyimbo za mwanzo ni kantri tupu, za kofia na buti. Ukisonga mbele kidogo unamkuta mtu anazungumza tu, haimbi. Kisha gitaa peke yake, hakuna maneno. Kisha udi na makofi ya pwani. Na mwishoni mwanamke anavuma na mdomo umefungwa, kama aliyekaa nyuma kabisa kanisani. Mtangazaji mmoja huko nyumbani alimwandikia Jun, aliyeirekodi, kwamba nyimbo amezipenda, ila hajui azicheze katika kipindi gani. Mimi huwajibu watu kwamba nilibadilika njiani. Wanacheka, wanaendelea na kazi. Wewe ndiye uliyekuwa nami hiyo njia, na ndiwe niliyekuumiza.

Acha nianze mbali kidogo, kwa sababu kuna vitu ulivisikia kwenye nyimbo tu, na wimbo hupunguza.

Kwetu, Jumapili baada ya ibada, baba yangu alikuwa anaiweka redio juu ya nguzo ya boma la ng'ombe, anaigeuzageuza mpaka ishike. Zilikuwa nyimbo za wakulima wa Marekani: farasi aliyezeeka, mke aliyeondoka, treni, mvua, mama aliyefariki kijana wake akiwa mbali. Kiingereza chenyewe tulikishika nusu. Lakini wazee wenye makoti mazito walisimama pale na vikombe vya chai wakitikisa vichwa, kana kwamba habari hizo zimetoka kwa jirani. Ukiishi mahali pa ukungu na viazi na maziwa, mtu anayelilia shamba lake kwa gitaa hawezi kuwa mgeni kwako. Nilijifunza kuimba kwa kuwaiga. Ile ya kuivunja sauti katikati ikaruka juu niliifanyia mazoezi nikikamua, mpaka ng'ombe wakaizoea.

Baba yako alinikuta naimba kwenye harusi huko Njabini. Alikuwa na gitaa lenye ufa, na subira nyingi. Yeye ndiye aliyeniambia niache kuimba farasi ambao sijawahi kuwapanda, niimbe vitu vyangu. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa juu ya lori la maziwa, na aliupiga kwa heshima kama wimbo wa taifa. Ajali ilipomchukua wewe ulikuwa unajifunza kufunga vifungo vyako mwenyewe. Halafu akaja wakala anayetafuta mwimbaji wa kike wa kantri kwa hoteli moja Dubai. Ulikuwa na miaka minne. Nikakuacha kwa Cucu.

Huku nilipewa kofia, buti, na sketi yenye pindo za ngozi. Kila jioni kabla ya kupanda jukwaani nilisimama kwenye ngazi za nyuma, karibu na mapipa ya jikoni, kwa sababu ndipo simu iliposhika vizuri, nikapiga Kinangop. Nilitaka nikuimbie kidogo. Mara nyingi Cucu alipokea akasema, "Amelala, mami. Leo amecheza sana." Nami nikamwambia akufunike vizuri, nikafuta uso, nikaenda kuwaimbia wageni wa bia.

Kwenye ngazi zile ndiko nilikotungia "Nitumie Picha". Mama anamwomba nyanya amtumie picha ya mtoto: pengo la meno, gauni la shule lililokuwa likiburura na sasa linaonyesha magoti. Nilipouimba mara ya kwanza, wahudumu wa Kifilipino walisimama na trei mikononi. Walinzi wetu wa kutoka Kisii na Kakamega wakawa wanaomba zamu ya mlango wa ukumbi ili wausikie. Kila mtu aliyeacha mtoto kwao alimwona mtoto wake mle ndani. Mimi nilikuona wewe. Nilidhani nakuona vizuri.

Nilipopata kibali cha kukuleta ulikuwa na miaka kumi. Pale uwanja wa ndege nilikufungulia mikono, ukanipa mkono wa salamu, kama anavyopewa mwalimu. Nikajiambia ni uchovu wa safari.

Nilijiambia hivyo miaka mingi, Nyokabi. Ulikuwa mtoto mpole. Tuliishi humu humu Karama, chumba kimoja ndani ya fleti ya watu wengi, na hukuwahi kunisumbua. Ulisoma, ulisaidia jikoni, ulishuka kwa Bi Zuhura akakufundisha pilau na kukukaripia kwa Kiunguja chake, "Wewe mtoto, huo mchele waosha au wauchezea?" Nilikuwa nawasifia wenzangu kwamba binti yangu hana maneno. Sasa nikikumbuka nilivyokuwa nikilisema hilo kwa majivuno, natamani mtu angeniziba mdomo.

Halafu ukaja uvimbe. Wewe ndiye uliyeuona kwanza, nikiwa najifunga mkufu mbele ya kioo. Ulikuja nami hospitali kwa sababu sikupenda kwenda peke yangu. Unamkumbuka yule daktari, mama wa Kisudani aliyekuwa anaongea polepole? Alisema tezi ya shingo lazima itolewe, haiwezi kusubiri mwaka. Akasema neva ya sauti imepita hapo hapo ulipokaa uvimbe.

"Nitaweza kuongea?" nikamuuliza.

"Kuongea, inshallah, ndiyo. Unafanya kazi gani?"

"Naimba."

Akaiweka kalamu chini. "Basi nenda kaimbe kwanza," akasema. "Kisha uje."

Sijui kama alimaanisha jinsi nilivyoelewa. Mimi nilitoka pale nikampigia Jun.

Jun alikuwa amepiga besi nyuma yangu tangu mwaka wa kwanza, anajua hata ninapovuta pumzi. Alikuwa na chumba cha kurekodia Al Qusais, nyuma ya ghala la magodoro, na mwenye ghala alimruhusu kuyasimamisha magodoro ukutani yanywe mwangwi. Nilimwambia nina nyimbo zangu mwenyewe za miaka yote, nazitaka zote kabla ya upasuaji. Akaniita ate, dada mkubwa kwa lugha yao, akasema, "Yalla, ate. Njoo hata kesho."

Nyimbo za mwanzo za albamu ndizo zile. Ukizisikiliza utasikia mtu anayejaza begi huku basi linapiga honi. Niliimba kila kitu kwa nguvu, hata palipotaka upole. Nilivunja sauti ikaruka juu mara nyingi kuliko wimbo ulivyohitaji, kwa sababu kila mara nilijiuliza kama ndiyo ya mwisho. "Nitumie Picha" niliuweka nyuma ya nyingine zote, nikitaka kuufanya siku ambayo koo limepumzika. Siku hiyo haikupatikana. Nikaenda hospitali wimbo huo ukiwa haujarekodiwa.

Daktari hakukosea kitu, nataka ulijue hilo na ulibebe huko unakokwenda kusomea kazi hiyo. Alifanya alilosema atafanya. Nilipoamka nikakuita unipe maji, ikatoka sauti kama mtu anayepiga msasa ubao, nawe ukageuka kumtazama nesi, ukidhani ni yeye aliyekuita.

Miezi ilipita nikifanya mazoezi ya koo mbele ya kioo. Pale hotelini walinivumilia mpaka wakaona haiwezekani tena. Sir wa burudani, meneja wetu, mwenyewe ndiye aliyenitafutia nafasi chini, chumba cha sare, na kwa hilo namshukuru. Lakini kuna siku hukuijua. Mwimbaji mpya alikuja kuchukua nguo za jukwaani, msichana mzuri, ana heshima, na nguo aliyoandikiwa ilikuwa sketi yangu ya pindo za ngozi. Ilikuwa imepunguzwa kiunoni. Nikaikung'uta, nikamkabidhi, nikamwambia zipu yake inataka kuvutwa polepole. Halafu nikaenda chooni nikakaa huko mpaka madam wa chumba cha sare akatuma mtu.

Bi Zuhura ndiye aliyeniokoa, naye hata hajui. Alinikuta jikoni najaribu kuimba wimbo wa zamani, nasukuma, nakohoa. Akasimama mlangoni na sahani ya visheti, akasikiliza, akasema, "Sauti haijafa, mwanangu. Imeteremka tu. Nawe teremka nayo, mbona waing'ang'ania huko juu?" Akamleta kaka yake mwenye udi, tukakaa kwenye zulia lake, na wimbo wangu wa lori la maziwa, ule wa baba yako, ukageuka kuwa kitu cha polepole chenye makofi, na hilo koo langu la msasa likawa na mahali pa kukaa. Nililia siku hiyo kwa furaha, na sikuwa nimelia kwa furaha muda mrefu. Kisha nikarudi Al Qusais na habari za baba yako nikazisema tu, bila kuimba, Jun akipiga besi chini yake kama mtu anayetembea chumba cha juu.

Ukabaki ule mmoja, "Nitumie Picha". Wimbo ulioombwa na watu kuliko zote, nami siwezi kuufikia hata nikiteremka vipi. Jun akasema, "Mtoto anaujua."

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulivaa vipokea sauti, ukafumba macho, ukauimba mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Jun hakunitazama ulipomaliza. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Nilipaswa kukukumbatia. Mama yeyote angekukumbatia. Kilichonijia kilikuwa kibaya na unakijua, kwa sababu nilikuona ukikisoma usoni mwangu kupitia kioo. Nilisikia sauti niliyokuwa nikiitafuta maisha yangu yote, safi, bila haraka, na haikuwa yangu, na yule aliyekuwa nayo hakuwa hata akiitaka. Nikasema, "Pale kwenye gauni umeharakisha. Rudia." Ukarudia. Nikasema pumzi. Ukarudia. Jun akasema, "Ate, ile ya kwanza ilitosha." Nikasema arudie. Nilikurudisha mpaka sauti yako nayo ikaanza kukwaruza, na ilipokwaruza ndipo nikasema khalas, twende nyumbani. Kwenye metro ulijifunga mtandio shingoni na kutazama nje njia nzima, ingawa nje palikuwa giza la handaki.

Ningekuwa nimekomea hapo ingekuwa afadhali. Lakini watu walisikia. Kanisani, kwenye mikutano ya Wakenya, kila mahali wakaanza kuniambia binti yako amerithi, binti yako ni wewe mtupu. Na ule wivu ukageuka kitu kingine ambacho nilikiona kizuri zaidi, kumbe ni kilekile kimevaa nguo safi. Nikaanza kukupangia. Nikaanza kusema "tutaimba Ijumaa" nikimaanisha wewe utaimba. Nilikuvalisha kofia yangu. Ukiniambia una mtihani nilikujibu kwamba hizo ni nyimbo mbili tu. Ulikuwa huna maneno, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuihesabu hali hiyo kama ndiyo.

Onyesho la siku ile ya Al Jaddaf nilitaka liwe kubwa. Ukumbi wa juu wa ule mgahawa ulijaa: wetu, Watanzania, Wafilipino wa Jun, Bi Zuhura na mashoga zake mstari wa mbele wakinukia udi. Ulisimama na kofia ile. Ubeti wa kwanza wa "Nitumie Picha" ulikwenda vizuri, watu wakaanza kutoa simu. Katikati ya wa pili, pale mama anaposema nimekukosa mpaka mikono inauma, ukanyamaza. Nilidhani umesahau maneno. Nikakutamkia kwa midomo tu kutoka pembeni. Ukanitazama, na ukasema kwenye kipaza sauti, kwa upole, kama unavyosema kila kitu:

"Siwezi, Mama. Hii ni huzuni yako. Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa simu."

Ukakirudisha kipaza sauti mahali pake taratibu, ukaweka kofia juu ya spika, ukashuka ngazi.

Na mimi sikukufuata. Katika yote, hili ndilo linaloniamsha. Jun aliendelea kupiga besi kwa sababu hakujua afanye nini. Nilisogea kwenye kipaza sauti na hapakutoka kitu. Watu wakapiga makofi ya huruma, wakaja kunishika mkono, na mimi nikabaki pale nikipokea mikono, nikitabasamu, nikijaribu kuokoa shughuli, wakati mtoto wangu yuko barabarani peke yake. Bi Zuhura ndiye aliyekufuata, na miguu yake ile. Nilikukuta baadaye kwake umelala kwenye zulia na umefunikwa kanga. Alinifungulia mlango nusu, akasema, "Mwache leo," na hakunikaribisha ndani.

Kwa kulazimisha koo siku ile nililimaliza. Daktari akaniamuru nisitoe sauti kabisa, hata kunong'ona. Tukawa watu wawili kimya katika chumba kimoja, mmoja kwa amri na mwingine kwa hasira, na sidhani nimewahi kuishi majuma mabaya kuliko hayo. Usidhani sikukuona ukilala umeelekea ukutani.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya viazi. Ulikuwa jikoni unamenya, wale wenzetu wa fleti wametoka. Niliingia kuchukua maji. Ukaanza kusema bila kugeuka.

"Nilikuwa silali, Mama. Simu ikilia nilikuwa nakimbilia zizini, najificha nyuma ya ndama. Cucu alikuwa anaita mara moja, mara mbili, halafu anaacha. Nilimwomba mimi akwambie nimelala."

Nilisimama na glasi.

"Siku nilizoongea na wewe nililia mpaka Cucu akawa analia pia. Siku ambazo sikuongea nililala. Kwa hiyo nikaamua nisiongee. Nilikuwa na miaka mitano, nikaamua hivyo mwenyewe." Ukachukua kiazi kingine. "Na wewe ukaniimbia. Watu wakakupigia makofi kwa kunikosa. Mimi hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Ulipokuja kunipokea uwanja wa ndege sikujua nikuite nani. Nilikuwa nakuita yule wa simu."

Namshukuru Mungu kwamba sikuwa na sauti. Ningekuwa nayo ningekueleza. Ningekuambia habari za kifo cha baba yako, na wakala, na kwamba nilikuwa naumia pia, na ningesema vizuri, kwa sababu ni kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kueleza maumivu yangu mpaka mtu alie. Nawe ungelia, ungenihurumia, ungerudi kunyamaza, na mambo yangekwisha mahali pabaya. Lakini koo lilikuwa limefungwa. Nilichoweza kufanya ni kuchukua kisu cha pili na kusimama karibu nawe kumenya. Ukaendelea. Uliniambia habari za mwalimu aliyekuwa akikuita yatima. Uliniambia jinsi ulivyokuwa ukivaa sweta langu la zamani mpaka likapoteza harufu, ukalifua mwenyewe kwa hasira. Vitu nisivyovijua hata kimoja. Tulimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula, na nyumba nzima wakala siku hiyo wakidhani kuna sherehe.

Kukukosa kulikuwa kweli, mwanangu. Sikudanganya katika wimbo ule. Ila nilikuwa nakukosa kwa sauti kubwa mno, nami sikuweza kukusikia. Nimekuwa nikijaribu kuisema sentensi hii kwa njia nzuri zaidi tangu siku ile na imekataa kuwa nzuri.

Nilipopona kidogo nilikwenda kwa Jun nikamwambia aiondoe sauti yako kwenye "Nitumie Picha". Alikasirika, akasema huo ndio wimbo bora wa albamu nzima. Nikamwambia ndiyo, aiondoe. Akauliza basi nani aimbe. Hakuna. Ndiyo sababu pale katikati pana gitaa tu. Nilikuuliza wewe kama ni sawa, ukainua mabega, ukarudi kwenye kitabu chako. Sitaki uuchukue wimbo huo kama nafasi niliyokuwekea, uje siku moja ujaze maneno ya upande wako. Ukitaka, sawa. Usipotaka, ni wimbo wa gitaa, na duniani zipo nyingi.

Ule wa mwisho, wa kuvuma, sikuwahi kukuambia ni wa nani. Niliutunga baada ya viazi. Ni wa yule mtoto aliye nyuma ya ndama. Nilijaribu kumwandikia maneno na kila neno nililoliweka lilikuwa linanitetea mimi. Basi nikafunga mdomo, nikamvumia tu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyemwona vizuri gizani na anaogopa kumshtua.

Sasa unakwenda kwa Cucu, kisha chuoni. Uliponiambia umechagua uuguzi, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Na sauti?" Ukanijibu, "Sauti ni yangu, Mama. Nitaitumia kumwita mgonjwa kwa jina lake." Iliniuma siku nzima. Siku ya pili, nikiwa nakunja makoti ya wapishi, nikakumbuka nilivyoamka hospitali na nesi akaniita Wangari, kwa upole, kabla sijajua niko wapi, na haikuniuma tena.

Huko nyumbani kuna watakaokutambua kama binti wa yule wa albamu, maana nasikia Jumapili wanaicheza. Watakuomba uimbe. Sema hapana bila kutoa sababu. Ukiwa unaosha vyombo na wimbo ukakujia, uimbe, uache mlango wazi au uufunge, ni shauri lako.

Cucu amezeeka. Yeye ndiye aliyebeba uongo wa watu wawili waliokuwa wakiumizana kwa simu, na hajawahi kulalamika. Kaa naye jikoni. Nami nitapiga simu, siwezi kukuahidi kwamba sitapiga. Siku usiyotaka kuongea na mimi, mwambie Cucu aseme, "Yuko hapa, hataki leo." Nitaumia kidogo na nitalala vizuri. Nimeishi miaka mingi na mtoto aliyelala ambaye hakuwa amelala, na sitaki tena amani ya namna hiyo.

Nasikia Bi Zuhura anacheka huko chini, kicheko chake cha kuziba mdomo na kanga. Nadhani unamwigiza mtu. Sikujua kwamba unajua kuigiza watu mpaka mwaka huu. Kuna mengi nayajua sasa hivi tu, na sasa hivi unaondoka, na sina wa kumlaumu kwa hilo.

Kesho uwanja wa ndege kutakuwa na kelele za matangazo na watoto na magurudumu ya mizigo. Hutaweza kunisikia, kwa hiyo usiinamishe kichwa na kuniambia rudia, rudia, watu wakatutazama. Nenda kwenye foleni yako. Ukifika pale ambapo wasio na tiketi hawapiti, utageuka, najua utageuka, na utaona midomo yangu inasogea. Usirudi kuuliza ninasema nini. Ni jina lako tu. Nitakuwa nalisema mpaka usionekane.

Mama yako,
Wangari